Siku Watani Waliponizika Ruangwa

Zuhura wa ofisi ya utumishi ndiye aliyenitia kwenye kazi hii. Siku ya kuniaga alinifuata nikiwa bado nina pilau mdomoni, akasema, "Mzee, usiondoke hivi hivi. Tumwagie sera. Sisi tabia za watu kazini tumezisoma chuo, wewe umezisomea wapi?" Nikamwambia nimezisomea kwenye moshi wa korosho, na mtihani wangu ulisimamiwa na wanawake arobaini wenye nyundo. Akacheka, akanipa kalamu.

Nina wiki tatu tangu nistaafu. Mke wangu anasema nimeshampangia jiko upya mara mbili, na nikipanga mara ya tatu atanirudisha kazini kwa miguu. Kwa hiyo naandika. Vyeo vyangu sitavieleza, maana vyote vinaenea kwenye kiganja cha mtoto mchanga. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia. Nitawaeleza watu, na kosa moja nililolifanya kwa akili zangu zote.

Nilianza Nachingwea mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye ghala la kupokelea ufuta na korosho. Siku ya kwanza nilitoka kwetu Mtua kabla jogoo hajaamua, nimevaa shati aliloolea kaka yangu, na nilipofika lilikuwa limebadilika rangi kwa vumbi hata kaka mwenyewe asingelidai. Ghala lile lilikuwa na magunia yaliyopangwa juu mpaka popo wakawa wanalala kwa zamu. Msimamizi alikuwa Mzee Lipande, Mmakua mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Hakuniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Alinipa bambo.

Nyie wa siku hizi huenda hamjaliona. Ni kichuma chenye mfereji, urefu kama wa mkono mpaka kiwiko, ncha kali. Unachoma gunia la ufuta ubavuni, punje zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani, unajua cha ndani bila kufungua mdomo wa gunia. Nililipenda chombo kile kuliko saa yangu, na saa sikuwa nayo.

Siku hiyo hiyo akaja mzee mmoja kutoka Nambambo na gunia lake. Nikachoma. Juu ufuta safi, chini mchanga mtupu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia kwamba gunia lake limekataliwa, na kwa umri wangu na umri wake hiyo ingekuwa vita. Mzee Lipande akanisukuma pembeni kwa kiwiko, akamwaga ule mchanga kiganjani, akaupuliza.

"Nyie Wayao," akasema, "ufuta mnapanda au mnachimba?"

"Tunachimba," yule mzee akajibu bila kupepesa macho. "Mchanga nimewaletea nyie Wamakua mkapige lipu. Nilipita kwenu masika, nikaona nyumba inalia machozi kuliko mwenye nyumba."

Foleni nzima ikacheka mpaka punda mmoja akaondoka na mkokoteni. Halafu, na hapa ndipo penyewe, yule mzee akainama, akaomba chekeche, akachekecha ufuta wake mwenyewe mpaka ukawa safi. Hakuna aliyemwaibisha, wala hakuna aliyemdanganya.

"Umeona?" Mzee Lipande akaniuliza.

"Nimeona, mzee. Bambo ni chombo kizuri."

Akanitazama kwa huruma. "Bambo ni chuma tu, mwanangu. Jua unayemchoma ni nani wako."

Sikuelewa. Nilidhani anazungumzia magunia.

Miaka ilivyosogea nikajiunga na masomo ya jioni. Tulisomea kwenye darasa la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio, watu wazima na ndevu zetu. Wengine walichukua hesabu. Mimi nikakuta somo la utawala wa watu kazini na nikalipenda kama mtu aliyepewa jina la ugonjwa wake. Kumbe kuna elimu inayouliza kwa nini mtu mmoja anafanya kazi hata usipomtazama na mwingine hafanyi hata ukimkodolea macho. Mwalimu wetu alikuwa anasema mtu haji kazini na mikono tu. Anakuja na njaa yake, hofu yake, na hamu ya kuonekana wa maana. Alisema kila kundi lina sheria zake ambazo hazikubandikwa ukutani, na bosi anayebadilisha sheria hizo kabla hajajua zinafanya kazi gani, atazijua baada ya kuzibadilisha.

Yote hayo niliyaandika kwenye daftari kubwa la kaunta, jalada gumu, rangi nyeusi na mgongo mwekundu. Ila mstari nilioupigia wino mwekundu mara mbili ulikuwa mwingine: watu wanaofanana huelewana upesi. Nikauona mtamu. Nikalala nao.

Nilipofaulu, na nilifaulu kwa kishindo kilichosikika mpaka Mtua, nikapelekwa Ruangwa kusimamia banda la kubangulia korosho. Nilishuka pale na daftari kwapani. Kufikia jioni ya kwanza nilikuwa nimeshapewa jina: Bwana Daftari.

Banda lilikuwa la bati, refu, na meza za mbao mistari miwili. Korosho zikishakaangwa zinaletwa mezani, mbanguaji anapaka mikono majivu ili mafuta ya ganda yasimbabue, anaiweka korosho ubavu juu ya jiwe, anaipiga na nyundo ya mti. Pigo likiwa dogo ganda halifunguki, likiwa kubwa kiini kinapasuka. Kiini kizima ndicho kinachotakiwa. Kipande ni fedheha. Wale wanawake walikuwa wanapiga huku wanatazama pembeni, wanazungumza, wanatafuna muhogo, na korosho zinatoka nzima kama zimejifungua zenyewe.

Na kelele. Ndugu zangu, kelele za banda lile zingeamsha watu Narung'ombe. Meza ya mbele walikaa Bi Salima, Myao, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mpana, na Bi Veronika, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakiwa wamembeba mgongoni. Asubuhi yangu ya kwanza niliwasikia hivi:

"Veronika, leo umekuja na mikono au umeisahau Msumbiji?"

"Nimekuja nayo. Wewe lete macho, maana hicho kiini ulichokivunja hata kuku atakirudisha."

"Kimevunjika kwa kukuangalia. Uso wako unatisha mpaka korosho."

"Basi geuka huko, utubakizie nzima."

Mimi nikaandika kwenye daftari: ugomvi, meza ya kwanza. Kabla ya uji wa saa nne nilikuwa nimeandika ugomvi kumi na saba.

Haikupita siku nyingi mkuu wa kiwanda akaja kutoka ofisi kubwa. Alikuwa Bwana Elia, mtu wa Upareni, mpole kwa sura, mgumu kwa maneno. Akaniambia mnunuzi analalamika vipande vimezidi. Baada ya wiki tatu mnunuzi angetuma mkaguzi, na mkaguzi akikuta viini vizima ni vichache, banda la Ruangwa lingefungwa na korosho zipelekwe kubanguliwa mbali. Wanawake arobaini, na wanaume wachache wa kwenye kikaango, warudi nyumbani kutazamana.

"Hebu tumia hiyo elimu yako," akasema.

Alikuwa amemwambia fisi alinde mfupa. Usiku ule ule nilichora banda lote kwenye daftari, meza kwa meza. Dawa niliiona wazi: tuondoe ugomvi, tuwakalishe wanaofanana. Wayao na Wayao, Wamakonde na Wamakonde, Wamwera na Wamwera. Ndugu wa nyumba moja nikawaweka meza moja ili wasaidiane. Salima nikampeleka mwisho wa banda, Veronika mwanzo, kati yao mita zisizopungua thelathini. Hata mkaangaji wetu, Rashidi, kijana mwenye adabu aliyeoa mwaka ule, nilimtoa kwenye moshi nikamfanyia hisani ya kumkalisha meza moja na mama wa mke wake. Niliona nimemtunza.

Kulipokucha nikatangaza mpango. Watu wakatazamana, wakaenda kukaa. Kimya kikaingia bandani kama siku ya mtihani wa darasa la saba. Unasikia nyundo tu: ko, ko, ko. Nikapita katikati ya meza mikono nyuma, nimenyooka kama mkuu wa mkoa.

Siku ya tatu vipande viliongezeka. Siku ya tano vilikuwa vingi mpaka nikadhani mizani imeingiwa na wadudu. Watu wakaanza kuchelewa, wakaanza kuumwa vichwa. Mashemeji wawili wakanuniana kabisa, ugomvi wa kweli, wa bila neno. Rashidi ndiye aliyenitia uchungu zaidi. Mkwe wake yuko mbele yake, naye kwa heshima hawezi kuinua macho wala kula uji mbele yake, basi alibangua amegeuza shingo anatazama ukuta. Siku moja alipiga korosho tano na vidole vinne. Mama mkwe naye alijifunika khanga mpaka puani, anabangua kwa kupapasa. Nikamuuliza Rashidi kama ana shida. Akasema, "Hakuna shida, bosi," akiuambia ukuta.

Nikarudi kwenye daftari. Nikasoma mstari wangu mwekundu. Nikaamua dawa haikutosha, nikakataza hata salamu ndefu.

Siku ya pili ya amri hiyo, saa nne, wakati wa uji, nilitoka stoo nikakuta meza zimesogezwa na wanawake wamekaa chini kwa mistari, khanga vichwani, kama kwenye msiba. Katikati, kwenye mkeka wa kuanikia, kulikuwa na koti langu la kazini limelazwa, na mikono imekunjwa kifuani. Nikauliza nani amekufa.

"Umekufa wewe," Veronika akanijibu kwa upole. "Kaa pale na wafiwa."

Sasa, kwa asiyejua mila zetu: mtu akifa, watani wake ndio wanaoruhusiwa kucheka. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, hutoa mpaka kasoro zake mbele ya watu, na hakuna anayekasirika. Akishika kitu cha marehemu hakiachii mpaka akombolewe. Na utani kule kwetu haukosi njia: kuna wa kabila, wa ukoo, wa mabinamu, na ule ambao watu wamejipa tu kwa kukaa jirani miaka mingi. Mimi Mmwera, Salima Myao. Siku ile alikuwa na ruhusa zote.

Akainuka. Akavaa koti langu. Akachukua daftari langu juu ya mizani, akalipachika kwapani, akatembea katikati ya mistari mikono nyuma, tumbo mbele. Wallahi nilijiona. Sikuwahi kujua ninatembea kama bata anayeenda kupokea cheti.

"Mimi ndiye marehemu," akasema kwa sauti yangu hasa. "Nilisoma jioni, kwa hiyo mchana sioni. Niliwakuta watu wanacheka, nikasema wanagombana. Nikawatenganisha, wakagombana, nikasema wametulia."

Watu wakalia kwa kicheko. Akarudi kwenye sauti yake mwenyewe.

"Zamani Veronika alikuwa ananiambia, wewe Myao umevunja. Nacheka, napunguza pigo. Sasa marehemu ameniweka na shangazi yangu. Shangazi anavunja kuliko mimi. Nani atamwambia? Mimi niliyelelewa naye?" Akaichukua tena sauti yangu, akasimama mbele ya Rashidi. "Na huyu kijana nilimpa zawadi. Nilimpa ukuta wa kutazama."

Hapo mama mkwe mwenyewe akatikisika ndani ya khanga. Rashidi akakimbilia nje.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wafiwa na kitu kinanipanda kifuani. Hasira ilikuwemo, msinione malaika. Lakini juu ya hasira kulikuwa na jambo jingine, na nikilikumbuka mpaka leo nywele chache nilizobakiwa nazo zinasimama. Nilimsikia Mzee Lipande. Jua unayemchoma ni nani wako. Zile kelele zilikuwa ndizo chekeche. Kila meza ilikuwa na mkaguzi wake, asiyelipwa, asiyenuniwa, anayekwambia umekosea wakati korosho bado iko kwenye jiwe. Ile ndiyo sheria isiyobandikwa ukutani, na mimi nilikuwa nimeibandua.

Nikiwa kwenye furaha hiyo ya kuzikwa, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Bwana Elia. Sijui alifika saa ngapi, ila uso ulionyesha ameona ya kutosha.

"Huyu anayekuigiza ni nani?"

Salima akavua koti taratibu.

"Ni mbanguaji, bosi," nikajibu. "Anaitwa Salima."

"Mwandikie barua, leo hii aende. Mkaguzi anakuja baada ya wiki moja, nyie mnacheza ngoma."

Salima alikuwa na watoto watano, na mume aliyekuwa akionekana kama mwezi mchanga. Alikunja lile koti vizuri, akaliweka mezani. Kilichonitisha ni jinsi alivyolikunja, kama mtu anayeaga.

"Bosi," nikasema, nikiinuka kwenye mkeka wa wafiwa, "huyo ni mtani wangu. Na alichosema ni kweli tupu. Vipande ni vyangu mimi. Nimewakalisha vibaya."

Nikamweleza yote, mpaka la Rashidi na ukuta. Aliposikia la mkwe akajishika paji la uso.

"Ulimkalisha mtu na mama mkwe wake?"

"Ndiyo, bosi."

"Akiwa na nyundo?"

"Ndiyo."

Akageukia mlango, mabega yanamtikisika. Nadhani alikuwa anajizuia. "Kwetu Upareni," akasema, "watani wetu Wachaga wangenizika hivi, ningetoa mbuzi wa kujikomboa."

Sauti ikatoka nyuma ya meza, mpaka leo hakuna aliyekiri ni ya nani: "Mpare, na ubahili wote ule, atoe mbuzi? Basi marehemu amefufuka."

Alicheka, Bwana Elia. Alicheka mpaka akaegemea nguzo. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akanyooka. "Wiki moja. Mkaguzi akikuta vipande, nafunga banda, na barua mbili zitatoka, ya huyu mama na yako."

Alipoondoka nikaenda kwa Salima kudai daftari. Akaliweka nyuma ya mgongo. "Lina fidia, mtani. Kuku mmoja, jogoo."

"Sina kuku."

"Basi sina daftari."

Ikawa nafuu yangu kubwa, maana sikuwa na pa kuchora mpango mwingine. Nikasimama juu ya kreti nikawaambia kila mtu akae anapojua yeye, mradi mtu asikae na mkwe wake. Wakapangana kwa muda mfupi kuliko wa kunywa uji. Rashidi alirudi kwenye kikaango anaruka. Nikaongeza kitu kimoja changu, ili nisionekane nimekuja Ruangwa kutalii: kabla trei haijaenda kupimwa, jirani yako wa meza ndiye anayeipitisha. Nikatoka kwenye njia.

Siku ya kwanza matusi yalikuwa ya wiki nzima yaliyolimbikizwa. Siku ya pili nyundo zilirudi kwenye mwendo wake. Nikagundua walikuwa wanapiga kwa kufuata maneno: mmoja anachokoza, pigo, mwingine anajibu, pigo. Kimya kiliwanyima mwendo. Nilitamani kulikimbilia daftari niandike, nikakumbuka limewekwa rehani.

Mkaguzi akaja, bwana mrefu mwenye miwani na koleo dogo la kushikia viini. Akasimama mlangoni, akarudi hatua moja.

"Hawa wanagombana?"

"Hapana, mheshimiwa," nikamwambia. "Wanakagua."

Akapita meza kwa meza, anatumbukiza koleo, anageuza, anasogea. Kwenye meza ya mbele alichelewa. Salima akamtazama, akamwambia Veronika kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwangalie vizuri huyo, Mmakonde. Ndiyo sura ya mtu anayetafuta kipande na hapati."

Mkaguzi akaweka koleo mfukoni. Akasema hajaona trei kama zile tangu aanze msimu. Banda halikufungwa. Lilibangua miaka yote iliyobaki ya utumishi wangu, na mimi nilikaa pale mpaka meza zikanijua kwa jina.

Mtakaonirithi, msinielewe vibaya, sisemi kila ofisi ianze kutukanana. Zuhura akiwatania wahasibu bila kuwa na utani nao, watampeleka kwa mkurugenzi. Nasema mkifika mahali pa kazi na mkakuta jambo linalowaudhi, kelele, kikundi cha chai, watu wawili wasioachana, ulizeni kwanza linabeba nini. Huenda ndilo nguzo.

Namalizia na siku ya pilau. Zuhura alipokwisha kunipa kalamu, watu wakapisha njia, nikamwona Bi Salima anakuja, ameshika fimbo, ulimi wake mpana kama zamani. Alikuwa ameacha kubangua, alikuja kwa ajili yangu tu. Akanikabidhi daftari. Jalada limeloa mafuta ya ganda, mgongo mwekundu umekuwa mweusi.

"Marehemu, chukua vitu vyako."

"Na kuku?"

"Kuku nadai bado. Nimekukopesha tu, uzee usikukute huna cha kusoma." Akakaa kwenye kiti changu. "Mjukuu wangu amenisomea lote. Anasema mwandiko mzuri, maneno mazuri, ila hakuna mtu hata mmoja humo ndani. Meza ya kwanza, meza ya pili. Hao waliokuwa wamekaa ni nani?"

Kesho yake nikalifungua daftari. Kurasa za nyuma zilikuwa bado nyeupe, zina madoa tu. Haya mliyoyasoma nimeyaandikia humo. Nimeanza kumtafuta jogoo.